Kazi ya Pili: Vitenzi na Majina ya Ufundi wa Nyumbani katika Shughuli za Jamaa

Katika makala hii nakusudia kueleza jinsi lugha yetu inavyovitaja vitu vya nyumbani ambavyo, baada ya kumaliza kazi moja, hupewa kazi nyingine kwa ufundi wa mikono, hasa nyumba inapojitayarisha kwa arusi, arobaini ya mtoto, Idi au karamu nyingine ya jamaa. Jambo hili laweza kuonekana dogo kwa wasomaji waliozoea kukuta katika kurasa kama hizi habari za tenzi, lahaja na miswada ya kale. Lakini kanga iliyochakaa na kikapu kilichotoboka vina sarufi yake, na sarufi hiyo imeanza kupungua vinywani mwa vijana, tena si kwa sababu wamekuwa wavivu wa lugha, ila kwa sababu mikono yao haipitii tena kazi zilizoizaa.

Tuanze na neno lenyewe la shughuli. Mtu wa Dar es Salaam akisema kwamba jirani yake ana shughuli, huenda ana maana kwamba jirani ana kazi nyingi, na huenda ana maana kwamba jirani anaoza binti. Neno limetoka katika Kiarabu, na huko lahusu kazi. Wala hapana ajabu kwamba Waswahili waliona arusi ni kazi kabla ya kuwa furaha. Nyumba ya watu 6 yatakiwa kuwalisha watu 200 kwa siku moja. Vyombo havitoshi, mikeka haitoshi, miko haitoshi. Basi kila kitu kilichomo ndani huitwa kazini, hata kile kilichokwisha kustaafu nyuma ya mlango.

Sasa yatupasa kutazama kitenzi kimoja ambacho siku hizi kimejitwalia kazi zote hizi, nacho ni kutengeneza. Mwanafunzi akiulizwa mkeka hupatikanaje, hujibu kwamba hutengenezwa. Chungu hutengenezwa, mwiko hutengenezwa, kamba hutengenezwa, na jahazi vile vile. Hakukosa sarufi, lakini amesema machache. Mkeka husukwa, kisha hushonwa, chungu hufinyangwa, mwiko huchongwa, jembe hufuliwa, kamba husokotwa, kitambaa cha meza hufumwa, kofia hudariziwa, jahazi huundwa. Kila kitenzi katika hivi chaeleza mwendo wa mkono, na aliyekisikia hujua, hata kabla ya kukiona kitu, kama fundi alishika sindano, shoka, udongo au majani.

Kutengeneza chenyewe kimetokana na kutengenea, yaani kuwa katika hali ya sawa. Hivyo maana yake ya asili ni kukifanya kitu kikae sawa. Ndiyo maana fundi gari hutengeneza gari ambalo hakuliunda yeye, na msichana hutengeneza nywele zilizokwisha kuota. Maana ya kuunda kitu kipya imeingia juu ya maana hiyo ya kurekebisha, na zote mbili zaishi pamoja bila ugomvi. Wala mimi si katika wale wanaotaka kukirudisha nyuma. Kitenzi chenye maana mbili za namna hiyo ni mali. Neno langu ni kwamba hakitoshi peke yake, na sababu yake nitaieleza nitakapofika kwenye ukili.

Kwanza nguo. Katika vitu vyote vya nyumba ya Kiswahili sijaona kilicho na maisha marefu na majina mengi kuliko kanga, na yenyewe ilizaliwa kwa kugeuzwa. Simulizi iliyoenea Unguja na Mombasa ni kwamba, karne ya 19 ilipokuwa ikikaribia kwisha, wanawake walikuwa wakinunua leso za mkononi zilizokuja katika jora, zikiwa hazijatenganishwa. Hawakuzikata mojamoja kama alivyokusudia mwenye kuzipiga chapa. Walikata sita, wakazigawa tatu kwa tatu, kisha wakaziunga kwa urefu, wakapata nguo moja pana ya kujifunga. Leso ni neno la Kireno la kitambaa cha mkononi, na mpaka leo Mombasa nguo nzima yaitwa leso, ingawa hakuna tena aliye na haja ya kuunga vipande sita. Hapo tazama: kitu kimebadilika ukubwa, matumizi na heshima, lakini jina la kale limebaki nacho kama kovu la mshono.

Kanga mpya huuzwa kwa doti, yaani pande mbili, nayo ina dondo, ule ugumu wa kiwandani unaoifanya isimame kama karatasi. Dondo ni pambo dukani, lakini ni adui wa mtoto mchanga. Kwa hiyo jamaa wanapotayarisha nguo za mtoto atakayezaliwa, hawaendi dukani kwanza. Hufungua kasha na kutafuta kanga kuukuu zilizofuliwa mara nyingi hata dondo ikatoka na uzi ukalainika. Hizo hukatwa kuwa winda, hukunjwa kuwa shuka za mtoto, na upande mmoja ulio mzima huwekwa kuwa mbeleko. Naomba msomaji aangalie vizuri jambo hili, maana wako wanaodhani kwamba kukitumia tena kitu ni dalili ya ufukara. Mama mwenye uwezo wa kununua doti kumi hutafuta iliyochakaa, kwa sababu kwa kazi hii iliyochakaa ni bora. Kiswahili chenyewe hutofautisha. Nguo kuukuu ni nguo iliyotumika siku nyingi. Nguo chakavu ni ile iliyoanza kuachia. Tambara ni kipande kisicho tena na umbo la nguo. Anayeziita zote nguo za zamani amemnyima fundi habari anayoihitaji kabla hajashika mkasi.

Anayetaka kushona mfarishi wa viraka kwa ajili ya arobaini ya mtoto na afuate utaratibu huu. Aishike kanga kuukuu mbele ya dirisha. Palipo na mwanga unaopenya pametoka nguvu, apakate na kupaweka kando kwa kazi ya kufutia. Palipobaki pazima apakate vipande vya shibiri moja kila upande, akiuweka pindo mbali na mji, kwa sababu pindo litafaa kuzungusha ukingo mwishoni. Viraka viungwe kwanza kwa safu, kisha safu ziungwe, na mishono yote ielekee chini. Katikati, badala ya pamba ya kununua, huwekwa mapande mawili matatu ya kanga zilizochakaa zaidi, na vyote hushikizwa kwa mishono mirefu ili visijikusanye pembeni vikifuliwa. Mabaki ya vitenge yatokayo kwa fundi cherehani nayo hufaa, lakini yafuliwe kwanza, kwani kiraka kipya kikishonwa juu ya nguo kuukuu hujikunja katika maji na kuivuta nguo hata ikapasuka. Maneno ya jina la kanga, wengine huyakata ovyo. Mimi nimependa zaidi kuona yakiachwa mazima upande mmoja, ili mtoto akikua ayasome.

Mbeleko imenipa sababu nyingine ya kukawia kwenye nguo. Jina hili limetoka katika kitenzi kubeleka, yaani kumchukua mtoto mgongoni. Katika desturi za arusi za pwani kuna ubeleko, nao ni haki ya mama wa bibi arusi. Pia kuna mkaja, ambao kwa asili ni nguo ya kumfunga mzazi tumboni baada ya kujifungua. Na baba au mjomba hupewa kilemba. Siku hizi vyote vitatu hutolewa kwa fedha, na muda si mrefu patakuwa na vijana wanaovidhani kuwa ni majina ya kodi. Lakini lugha imehifadhi hesabu sahihi kabisa: anayemchukua binti hulipa ile nguo iliyomfunga mama yake tumbo na ile iliyombeba yeye mgongoni. Nguo zenyewe zilikwisha kuwa matambara ya jikoni zamani, nayo majina yake yamekaa mezani mbele ya wazee, yakihesabiwa.

Hebu sasa tuingie katika sarufi yenyewe. Kitu kinapopewa kazi ya pili, Kiswahili hakiharakishi kukibadilisha jina. Huliacha jina la kwanza mahali pake, kisha kikaongeza kazi mpya kwa kiunganishi cha -a, kitenzi-jina na kauli ya kutendea: kopo la kuchotea maji, debe la kuchemshia chai, gunia la kufutia miguu, mkeka wa kuanikia mpunga, kanga ya kushikia sufuria. Tofauti ya kopo la maji na kopo la kuchotea maji kila mtoto aijua bila kufundishwa: la kwanza lina maji ndani yake, la pili lina kazi. Waweza hata kusema kopo la maziwa la kuchotea maji, ukawa umetaja asili na kazi kwa mpangilio wa historia, na upatanisho wa la na la ukishuhudia kwamba mwenye mambo yote mawili ni yule yule kopo. Neno kopo lenyewe ni la Kireno, na huko maana yake ni chombo cha kunywea. Lilipofika kwetu likawa la bati, likatiwa maziwa, samaki na rangi, na mwisho wake likarudi mtungini kuchota maji ya kunywa.

Baadaye kazi ya pili ikizoeleka, maneno mengi hupungua kuwa moja. Kanga ya kubelekea mtoto imekuwa mbeleko. Tambara la kupigia deki limekuwa dekio. Nguo iliyosokotwa mviringo na kuwekwa kichwani chini ya ndoo ni ngata. Hapo jina halisemi tena kitu kilitoka wapi. Limehesabu kazi tu. Debe lilikwenda mbali zaidi. Lilikuja na mafuta ya taa, galoni 4 ndani yake, yaani lita 18 hivi. Likawa ndoo, likawa kipimo cha nafaka sokoni, likawa ngoma kwenye arusi isiyokuwa na ngoma, na kupiga debe leo ni kunadi mtu, chama au basi la abiria. Mchuuzi anayepima mahindi kwa debe hafikirii mafuta ya taa hata kidogo.

Mnazi sitauzungumza sana, maana kila mwandishi wa pwani amekwisha kuusifu. Yatosha kusema kwamba kifuu, ambacho ni kitu cha kutupwa nazi ikiisha kukunwa, hutiwa mpini kikawa kata au upawa. Makumbi huozeshwa majini miezi kadhaa, hupigwa, na usumba wake husokotwa kamba. Na makuti mabichi huchanwa na kukunjwa kuzunguka nguzo za mlango siku ya arusi, yakamaliza kazi yake siku ya tatu yakiwa yamekauka na kufaa kuwashia moto. Katika jiko lile lile tui hukamuliwa kwa kifumbu, nacho ni cha kusukwa, na kwa hiyo kimetufikisha kwenye ukili.

Ukili ni ule utepe mrefu uliosukwa kwa majani. Wingi wake ni kili. Kwa mkeka mzuri majani huwa ni ya mkindu. Kwa jamvi na makapu ya kazi hutumiwa miyaa, nayo ni majani ya mkoche. Makuti ya mkindu hukatwa machanga, kabla hayajafunguka, huanikwa juani hata yageuke meupe, na yale yanayotakiwa kuwa na rangi huchemshwa katika rangi ya unga. Kisha jani huchanwa kwa ukucha au kisu kidogo kuwa chane, zenye upana mmoja, kwani chane moja ikiwa nene ukili wote huenda mshazari. Wakati wa kusuka, chane hunyunyiziwa maji zisivunjike. Msusi huanza kwa chane chache, huongeza nyingine kila moja inapokwisha, na mikia inayobaki huikata baadaye. Kazi hii haihitaji meza wala mwanga mkali. Husukwa barazani watu wakizungumza, na ukili huviringishwa kadiri unavyorefuka, ukipimwa kwa pima, ambayo ni mikono 4. Ukitosha, kili hushonwa ukingo kwa ukingo. Hapo ndipo umbo la kitu huamuliwa. Ukili ule ule waweza kuwa mkeka wa kulalia, msala wa kuswalia, kitanga cha kuandalia chakula, kikapu, au kawa, yaani kile kifuniko chenye ncha, chenye rangi nyekundu na zambarau, kinachofunika sinia la chakula kipelekwacho kwa jirani siku ya Idi.

(Nilipokuwa masomoni Ulaya niliwahi kuona mkeka wa kwetu umetundikwa ukutani kama picha. Mwenye nyumba aliujua bei, lakini hakujua upande upi ni wa kukaliwa.)

Kwa kuwa kitu cha ukili kimeundwa kwa hatua mbili, kusuka na kushona, chaweza kurudishwa nyuma hatua moja bila kuharibu nyingine. Mkeka uliochakaa katikati haukatwi kwa mkasi. Hushonolewa: uzi hutolewa, kili nzima za pembeni huwekwa kando, zilizovunjika huenda jikoni, na zile nzima hushonwa upya kuwa kitanga au kipepeo. Hapa ndipo nilipokuwa nikienda tangu mwanzo. Vitenzi vya ufundi vina kauli ya kutendua: kushona na kushonoa, kufuma na kufumua, kufunga na kufungua, kukunja na kukunjua, kuziba na kuzibua. Nywele zilizosukwa hufumuliwa. Na kila msichana ajua kwamba kufumua nako kwataka ustadi, usije ukaondoka na nywele zenyewe. Kutengeneza hakina umbo la namna hiyo. Husemi kutengenezua. Ukimfundisha mtoto kwamba mkeka hutengenezwa, umemwachia kinyume kimoja tu, nacho ni kuharibu, au kutupa. Ukimfundisha kwamba hushonwa, umempa papo hapo na kushonoa, pamoja na wazo kwamba kitu kina mlango wa kutokea, na kwamba aliyekifunga kwa mkono aweza kukifungua kwa mkono.

Ufundi wote wa kazi ya pili huanzia kwenye kutendua. Viraka hupatikana baada ya kushonoa gauni. Uzi wa fulana ya sufi hufumuliwa ili ufumwe soksi. Gunia hufumuliwa ukingo ili uzi wake ushone gunia jingine.

Mambo ya siku hizi hayakuliondoa jambo hili, yamelihamisha. Mifuko ya plastiki, ambayo Tanzania iliitwa rambo kwa ajili ya mtu wa sinema aliyechapwa juu yake, ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019. Vikapu vya ukili vilipata tena nafasi, ingawa nafasi kubwa zaidi ilichukuliwa na mifuko ya kitambaa cha kiwandani. Pamoja navyo kuna vikapu vinavyosukwa kwa mikanda ya plastiki iliyofungia marobota na makatoni. Mzee mmoja aliniambia kwamba vile si vikapu. Kwa heshima zote sikubaliani naye: mkanda umechukua mahali pa chane, lakini kitenzi ni kile kile, kusuka, na mkono unaokisuka ni ule ule. Kilichokwenda ni harufu ya ukindu mbichi, na hiyo sidharau. Mkeka wa plastiki uliosokotwa na mashine ni habari nyingine. Ukichanika umekwisha, kwa sababu hauna mshono wa kushonoa.

Limezuka pia swali la istilahi. Wenzetu wa Ulaya tangu miaka ya 1990 wametumia neno ambalo, likifasiriwa kwa vipande vyake, ni kama kuzungusha kwa kupandisha daraja, kwa maana ya kukifanya kitu kilichotupwa kuwa bora kuliko kilivyokuwa. Kwetu lipo neno urejelezaji, na watu wengine hulitumia kwa kila jambo la namna hii. Nadhani si sawa. Tuchukue mfano wa Flipflopi, jahazi la mita 9 lililozinduliwa Lamu mwaka 2018 na kusafiri hadi Unguja mwaka 2019. Mbao zake ni za plastiki iliyookotwa, ikasagwa, ikayeyushwa na kumiminwa upya. Huo ni urejelezaji, kwa sababu chupa na ndoo zimepoteza umbo lao na hazitambulikani tena. Lakini ubavu wake umefunikwa kwa vipande vya kandambili wapatao 30,000, vilivyokatwa na kubandikwa, na kila mwenye macho aona kwamba ni kandambili. Vipande hivyo havikurejelezwa, vimepewa kazi ya pili. Kitu cha kwanza chahitaji moto na kiwanda. Cha pili chahitaji kisu, gundi na subira, na chaweza kufanyika uani. Kwa hili la pili sioni haja ya kuunda neno refu. Kauli ya kutendea hulisema kila siku: kandambili za kupambia jahazi, kopo la kupandia maua, kanga ya kushonea mfarishi.

Lililo la haraka zaidi ni kuviandika vitenzi pamoja na vinyume vyake, na kuviandikia mbele ya msusi akiwa kazini. Anayeketi na daftari na kuuliza hiki chaitwaje atapewa majina ya vitu na kurudi nyumbani ameridhika. Majina ndiyo sehemu iliyo rahisi. Aulize pia hapa sasa wafanya nini, kisha ukikosea warudije nyuma. Jibu la swali la pili halimo katika kamusi nyingi, na msusi hulitoa kwa mkono kabla ya mdomo. Katika shule za msingi mwalimu asiye na ukindu karibu naye aweza kuanza na kikapu kilichotoboka kitako, ambacho hakikosekani katika nyumba yoyote. Wanafunzi wakishonoe kwanza, wahesabu chane za ukili wake, waandike kila kitenzi walichokitumia na kinyume chake, waloweke kili zilizo nzima zilainike, ndipo wazishone kuwa kitanga, au kuwa vipepeo vya kuwapepea wageni siku ya kufunga shule.